Siku Tuliyofunga Jua Likiwaka

Waraka wa halmashauri uliletwa na bodaboda,
kurasa kumi na moja, muhuri umevujiwa na jasho la dereva:
MPANGO WA TAHADHARI, SHULE ZA MSINGI, JIJI LA TANGA.
Ukurasa wa nne unataka king'ora.
Sisi tuna rimu ya lori inayoning'inia kwenye mwarobaini
na kipande cha nondo, ambacho Kaoneka mlinzi hulala nacho
wauza vyuma chakavu wasije wakakipitia.

Basi tukakubaliana, walimu saba na mpishi:
pigo moja refu, ingieni madarasani.
Matatu mafupi, tokeni, mkubwa amshike mdogo,
na daftari lililobaki ndani, libaki.
Jumanne tukafanya zoezi. Darasa la pili walicheka,
nikawaacha wacheke:
miguu iliyojifunza njia kwa kicheko
haiisahau kwa kilio.

Mwalimu Shekalaghe alishuka korongoni na rula ya ubao,
akafunga kitambaa chekundu kwenye nguzo ya kivuko.
Maji yakikigusa, wa ng'ambo hawaji.
Wa ng'ambo ni sitini na wawili. Nimewaandika kwa majina
nyuma ya rejesta, rejesta ndani ya nailoni,
nailoni ndani ya ndoo yenye mfuniko.
Kamba ni ya katani (tutakosa vyote Tanga, si katani),
kaisokota Bi Mwanamkuu, ambaye vidole vyake
bado vina makovu ya miiba ya mkonge.

Wazazi wenye simu, ujumbe saa kumi na moja alfajiri.
Wasio nazo, nyumba kwa nyumba: Sempombe upande wa reli,
Kidawa upande wa kisima. Na muadhini ametukubalia
kipaza sauti, baada ya sala, si kabla.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.
Redio ikasema asilimia themanini, na upepo juu yake.
Alhamisi usiku nilikaa kizingitini nikinusa hewa kama paka.
Simu ya ofisi ya elimu iliita, ikaita, ikachoka.
Uamuzi ukabaki kiganjani mwangu, kaa la moto.
Nikaandika: KESHO HAKUNA SHULE.

Ijumaa jua liliwaka mpaka mabati yakalia.
"Mwalimu kafunga shule kwa kuogopa kivuli chake!"
alisema muuza chapati, watu wakacheka.
Nilinunua mbili, nikanyamaza.

Hilo halikuniuma.
Kilichoniuma ni Mgaza wa darasa la tatu,
niliyemkuta saa nne kwenye ngazi ya jiko la shule,
kikombe cha plastiki mapajani.
"Hukusikia tangazo?"
"Nilisikia."
"Sasa umefuata nini?"
Akakitazama kikombe.

Kurasa kumi na moja. Nilizisoma tena, nikazigeuza.
Zina upepo, zina moto, zina mafuriko na tetemeko.
Hazina uji.

Nilimpa chapati moja. Kisha na ya pili.

Mvua ilikuja Jumapili, siku isiyo na ratiba.
Ikabeba kivuko, nguzo na kitambaa chake,
ikaacha madawati ya darasa la kwanza
yamepandana kama mbuzi zizini.
Hapakuwa na mtoto hata mmoja.
Hapakuwa na wa kunisifu pia;
yule wa chapati hakuja kuomba radhi,
alikuja kuazima koleo.

Jumatatu ofisi ya elimu ikapiga yenyewe:
mpango wenu mmeukamilisha?
Nikasema ndiyo. Kuna ukurasa wa kumi na mbili,
hauna muhuri, ni mwandiko wangu:

Mawingu yakianza kuitana, kabla ya kamba,
kabla ya ujumbe, kabla ya rimu,
mpishi apime unga.
Kila mtoto aende kwao na kibaba mkononi.
Na kesho yake jua likiwaka,
msiudai.